Soko la Idi na Deni la Kusi

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, aliyetuhalalishia biashara na kutuharamishia riba. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, ambaye kabla ya kupewa utume alisafiri na mali ya Bibi Khadija mpaka Shamu akaiuza kwa uaminifu, na ziwashukie jamaa zake na masahaba zake wote.

Ama baada ya haya. Katika darsa yetu ya baina ya magharibi na isha hapa Shimoni tumekwisha kupita katika vitabu vya tohara, sala, zaka, saumu na hija, na sasa tumefikia biashara. Nimeona jambo ambalo si mara ya kwanza kuliona. Tulipokuwa tukisoma udhu msikiti ulijaa hata barazani, na tulipofikia kununua na kuuza watu walipungua wakabaki wazee na vijana wachache, kana kwamba kila mtu amezaliwa akiyajua hayo. Sayyidna Umar bin Al-Khattab r.a. hakuona hivyo. Imepokewa kwake kuwa alikataza mtu asiuze katika soko la Madina ila awe amekwisha kuifahamu dini, kwani asiyejua hukumu za biashara hula riba akitaka asitake. Kwa hiyo nimeona niyaandike machache kwa wale ambao hawakuwapo, na khasa kwa sababu Mwezi wa Ramadhani haukawii, na safari za Mombasa kwa ajili ya nguo za Idi zitaanza kama ada yetu.

Sisemi kwamba kwenda sokoni ni makosa. Makafiri wa Makka ndio waliomlaumu Mtume kwa kuwa ala chakula na kutembea masokoni, na Mwenyezi Mungu akawajibu katika Sura ya Furqan kuwa Mitume wote waliotangulia walikuwa wakifanya vivyo hivyo. Abdurrahman bin Auf alipohamia Madina hana kitu, ndugu yake wa Kiansari, Saad bin Rabii, alimtolea nusu ya mali yake. Abdurrahman akamwombea baraka, akamtaka amwonyeshe soko li wapi. Akaonyeshwa soko la Bani Qaynuqaa, akaenda akauza na kununua samli na jibini, na haukupita muda mwingi akaweza kuoa. Basi soko ni mahali pa heshima kwa mwenye kuliingia kwa heshima. Lakini Mtume s.a.w. ametufundisha pia kwamba mahali pa mji panapopendwa mno na Mwenyezi Mungu ni misikiti, na panapochukiwa mno ni masoko, na sababu ya kuchukiwa kwake si bidhaa bali ni uwongo, viapo na dhuluma zifanywazo juu ya bidhaa hizo.

Sasa tuitazame safari yetu wenyewe. Katika kumi la mwisho la Ramadhani, siku ambazo Mtume s.a.w. alikuwa akikaza kibwebwe na kuwaamsha watu wa nyumba yake kwa ibada, sisi twaamka usiku kwa kuwahi matatu. Twapita Msambweni na Ukunda, twashuka Likoni, twavuka kwa feri kwa miguu, watoto wamelala mabegani. Kisha twaingia Marikiti, soko ambalo Waingereza waliliita kwa jina la Mackinnon. Kutoka Marikiti ni Biashara Street kwa leso na vitambaa, na huko liko duka la leso za Mali ya Abdulla lililoanzishwa mwaka 1887, ambalo bibi zetu walilijua kabla yetu. Na kwa vijana wa siku hizi hayo hayatoshi mpaka waingie katika majumba mapya ya maduka, yenye ngazi zipandazo zenyewe na baridi ya mashine, huku Nyali au kwetu Diani. Adhuhuri hupita, alasiri hupita, na wako wanaofungua saumu katika feri kwa kokwa moja ya tende. Ijumaa moja katika zama za Mtume s.a.w. msafara wa biashara uliingia Madina naye yuko juu ya mimbari, watu wakamkimbilia mfanya biashara, wakabaki naye watu kumi na wawili tu, na aya za mwisho za Sura ya Jumua zikateremka kwa hayo. Wale walikimbilia chakula katika mwaka wa njaa. Sisi twakimbilia viatu.

Lakini hilo silo jambo kubwa nililokusudia. Jambo kubwa ni fedha zenyewe, zatoka wapi.

Mwaka uliopita nilikuwa Biashara Street kununua vitambaa vya kanzu za wanafunzi wa chuo, nikakutana na mvuvi mmoja wa pande zetu, mtu mzima mwenye wake na watoto, amebeba mifuko mitatu. Tukaamkiana, nikamwambia kwa mzaha, "Naona bahari imetoa mwaka huu." Akacheka kicheko kisicho na furaha, akasema, "Sheikh, bahari haijatoa. Ni ya tajiri hii. Nitailipa kwa samaki." Nilinyamaza wakati ule, kwani soko si mahali pa kumuaibisha mtu, lakini neno lile limenikaa moyoni.

Watu wa bara huenda wasijue tajiri ni nani katika bandari zetu, kuanzia Vanga mpaka Gazi. Tajiri ni mnunuzi wa samaki mwenye mtaji. Yeye ndiye mwenye gari na barafu, ndiye ajuaye mahoteli ya Diani na wanunuzi wa Mombasa, na aghalabu ndiye mwenye dau na nyavu pia. Mvuvi akipatwa na shida humwendea. Naye humpa bila ya kumwandikisha hati na bila ya kumtaja Mungu wala riba, kwa sharti moja tu linalojulikana na kila mtu bandarini: samaki wote atakaowapata atamuuzia yeye, si mwengine, na kwa bei atakayoitoa yeye.

Na shida hiyo ina wakati wake. Kaskazi inapovuma bahari hutulia, na vyombo vidogo huweza kwenda mbali. Inapoingia kusi, kuanzia Aprili, mawimbi huwa makubwa mkondo wa Pemba, na siku nyingi hapatoki mtu ila ndani ya miamba. Kwa miaka hii Idi ya Mfungo Mosi imeangukia papo hapo pa mpaka: mwaka 2024 ilikuwa Aprili 10, na mwaka 2025 ilikuwa mwishoni mwa Machi. Maana yake ni kuwa mvuvi humaliza akiba ya kaskazi nzima katika siku mbili za Mombasa, na akirudi nyumbani hupokewa na kusi. Mfungo Mosi haujaisha amekwisha kwenda kwa tajiri kutaka unga. Na yule asiyekuwa na akiba hata ya hizo siku mbili, kama huyu niliyekutana naye, humwendea tajiri kabla ya Idi, akaingia kusi na deni mbili.

Natufanye hesabu ndogo, kwani hesabu haina haya. Tuseme mvuvi amekopa shilingi 15,000. Tuseme samaki bandarini anauzwa shilingi 400 kwa kilo kwa asiye na deni, na tajiri humtwalia mdeni wake kwa shilingi 300. Akipata kilo kumi kwa siku, amepoteza shilingi 1,000 siku ile. Akienda baharini siku ishirini katika mwezi, amepoteza shilingi 20,000. Na zile 15,000 zi pale pale, hazikupungua hata senti moja, kwani kile alichokatwa katika bei hakihesabiwi kuwa ni malipo. Mwezi wa pili vivyo hivyo. Nimewauliza wazee wangu wavuvi kama hesabu hii nimeitia chumvi, wakaniambia kuwa wako waliorithi deni la baba zao pamoja na dau.

Basi hukumu ya jambo hili ni ipi? Maulamaa wa madhehebu zote wamekubaliana kuwa kila mkopo unaoshurutizwa kumletea mkopeshaji manufaa, manufaa hayo ni riba. Hadithi inayotajwa kwa tamko hili isnadi yake ni dhaifu, na yatupasa kusema kweli juu ya hilo, lakini maana yake haina khilafu baina yao. Shilingi mia zinazokatwa katika kila kilo kwa sababu ya deni ni manufaa ya mkopo, hata kama hazikuitwa riba na hata kama mvuvi ameridhika. Kuridhika kwa mdeni hakuhalalishi riba, kama vile kuridhika kwa mnywaji kusivyohalalisha ulevi.

Na hapo yako makosa mengine yaliyofungamana nalo. Kumuuzia mtu samaki ambao wamo baharini bado ni kuuza kisichojulikana. Imepokewa kwa Ibn Masuud r.a., naye Imamu Ahmad ameipokea, kukatazwa kununua samaki aliye majini kwa kuwa ni ghururi, na maulamaa wamesahihisha kuwa maneno hayo ni ya Ibn Masuud mwenyewe. Tena wako matajiri wapandao boti ya mashine wakawakuta wavuvi nje kabla hawajafika bandarini, wakanunua huko huko mvuvi asijue bei ya siku ile. Hili Mtume s.a.w. amelikataza kwa tamko wazi, alipokataza kuupokea msafara kabla haujafika sokoni, na akampa muuzaji khiyari ya kuivunja biashara ile atakapofika sokoni akaona bei. Mvuvi wangu, hiyo ni haki yako aliyokupa Mtume wako. Umepata kuitaka hata siku moja?

Ama mizani ya bandarini, ile inayosahau nusu kilo kila inapoambiwa isome ya mvuvi na ikakumbuka kila inapoambiwa isome ya mnunuzi, sitaiandikia mengi. Isomwe Sura ya Mutaffifin, na isomwe habari ya watu wa Madyan na Nabii Shuaib a.s., ambao Mwenyezi Mungu aliwaangamiza kwa ukafiri wao na kwa mizani zao.

Nisije nikamdhulumu tajiri. Naye ana khasara zake. Barafu huyeyuka, gari huharibika njiani, na wako wenye mahoteli wanaochukua samaki wakalipa baada ya miezi. Huenda akamkopesha mvuvi asimwone tena, amehamia Pemba. Mtu atiaye mali yake katika hatari apate faida yake, na sharia haikumkataza faida, imemkataza njia hii. Na njia ya halali ipo, nayo ni nyepesi, na kuijua ndiyo faida ya kusoma Kitabu cha Biashara.

Mtume s.a.w. alipofika Madina aliwakuta watu wake wakitoa fedha leo kwa matunda ya mwaka kesho. Hakuwakataza, aliwaamrisha tu wenye kufanya hivyo wafanye kwa kipimo kinachojulikana, uzani unaojulikana na muda unaojulikana. Biashara hii yaitwa salamu, nayo imeruhusiwa kwa watu wa sampuli yetu hasa, wanaohitaji fedha kabla ya mazao. Tajiri ampe mvuvi shilingi 15,000 mkononi, zote, katika kikao kile kile, kuwa ni thamani ya kilo hamsini za changu wa ukubwa fulani, atakaotoa mwisho wa mwezi fulani, mwezi ambao changu hupatikana kwa kawaida. Hapo kilo imekwenda kwa shilingi 300, na tajiri ana faida yake halali, kwani ametanguliza fedha. Isisemwe samaki wa dau fulani, kwani dau lile huenda lisipate kitu. Isemwe samaki wa sifa fulani, na mvuvi atawatoa popote atakapowapata. Wakikosekana wakati ule, mwenye fedha ana khiyari ya kuvunja na kurudishiwa zake 15,000, bila ya nyongeza, au kusubiri.

Mwenye akili naatazame tofauti. Katika salamu mvuvi akisha kutoa kilo hamsini, ambazo ni pato la siku tano tu kwa hesabu yetu ya juu, yu huru, na kilo ya hamsini na moja ni yake, amuuzie amtakaye kwa bei ya soko. Katika sharti la tajiri hakuna kilo ya mwisho. Bei ya kilo ni moja katika yote mawili, shilingi 300, lakini hii ni halali na ile ni riba. Watu wengine husema dini yatazama maneno tu. Na waje wamuulize mvuvi kama kumalizika kwa deni ni maneno tu.

Vijana wengi wameniambia kuwa wao wamemkimbia tajiri, wamekimbilia simu. Kutumiana fedha kwa simu, kulikoanza nchini mwaka 2007, ni neema kubwa, na ujira wa kutumiwa ni ujira wa kazi. Lakini mikopo ya simu iliyofuata tangu mwaka 2012 ni jambo jengine. Mkopo wa mwanzo katika hiyo ulitozwa asilimia saba na nusu kwa siku thelathini, ukaitwa kuwa ni ada, si riba. Jina halibadilishi kitu. Ukichukua elfu moja ukatakiwa urudishe elfu moja na sabini na tano kwa sababu ya muda tu, umeingia riba, nawe mtoaji umo katika laana pamoja na mlaji, kwani Mtume s.a.w. amewalaani wote, na mwandishi na mashahidi wawili. Naye aliyebuni kukopesha kwa kidole kimoja usiku wa manane, pasi na mtu wa kumwonea haya, amejua kazi yake.

Sasa tuingie dukani. Mwaka juzi nilinunua taa ya jua kwa ajili ya chuo, katika duka moja la Mombasa ambalo mwenyewe ni Muislamu. Ilinizimikia siku ya tatu. Nikairudisha, sikuiangusha wala sikuitia maji. Mwenye duka hakuitazama. Alinyosha kidole ukutani, ambako pameandikwa kuwa mali ikisha kuuzwa hairudishwi. Na juu ya hati ile, katika fremu ya dhahabu, ilitundikwa Ayatul-Kursiyyu. Nilimsomea hukumu, akaniambia, "Sheikh, hiyo ni ya msikitini, hapa ni dukani." Nikaondoka na taa yangu.

Kwa kuwa hati hiyo imejaa katika maduka yetu, na ijulikane hukumu yake. Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafii, muuzaji na mnunuzi wana khiyari maadamu hawajaachana katika kikao cha biashara. Baada ya kuachana, mwenye kubadili nia tu, aliyeona rangi nyengine nzuri zaidi, hana haki ya kurudisha, na hapo hati ile si dhuluma. Lakini kitu kikionekana na kasoro iliyokuwamo tangu kwa muuzaji, mnunuzi ana haki ya kukirudisha na kupewa fedha zake, kwa sharti arudishe papo hapo aionapo, asikae akikitumia wiki mbili. Hati ya ukutani haiiondoi haki hii. Na muuzaji anayeijua kasoro ni wajibu juu yake kuisema. Mtume s.a.w. alipita kwa mtu auzaye nafaka akatia mkono ndani ya chungu yake, vidole vikapata majimaji. Mtu yule akatoa udhuru kuwa mvua imeinyeshea. Mtume akamuuliza kwa nini hakuiweka ile iliyorowa juu watu waione, kisha akatangaza kuwa mwenye kughushi si katika sisi. Na akina mama wetu wa samaki wa kukaanga wasidhani hadithi hii ni ya Wahindi wa Biashara Street peke yao. Samaki wa jana aliyefunikwa kwa samaki wa leo ndiyo nafaka ile ile.

Na mnunuzi naye si malaika. Jarir bin Abdillahi r.a. alinunuliwa farasi kwa dirhamu 300. Alipomwona akamwambia mwenyewe kuwa farasi wako ni bora kuliko hivyo, akampandishia mia baada ya mia mpaka 800, kwa sababu alikuwa amempa Mtume ahadi ya kumtakia kila Muislamu kheri. Sisi twaona fahari kumpata mama mjane aliyeshikika na kodi, tukamtoa kitambaa chake kwa nusu ya thamani, tukarudi nyumbani tukihadithia ushujaa wetu.

Waume wengi wamenishtakia wake zao kuwa ndio wenye kuwatia katika deni la Idi. Yako hayo, lakini si yote. Mwanamke atakaje vitu asivyoambiwa kuwa fedha zake ni za kukopa? Wako wanaume wanaoona aibu kumwambia mke kuwa sina, na hawaoni aibu kumwambia tajiri nipe. Sunna ya Idi ni kuoga, kujitia manukato na kuvaa nguo iliyo nzuri katika ulizo nazo, si lazima iwe mpya. Umar r.a. aliona joho la hariri likiuzwa sokoni akalipeleka kwa Mtume ili ajipambe nalo kwa Idi na kwa wageni. Mtume akalikataa kwa kuwa ni hariri, wala hakukataza kujipamba. Kisha tazama ajabu yetu: mtu yule yule mwenye mifuko mitatu, ukimuuliza pishi ya mchele ya zaka ya fitri husema mimi ni masikini, nastahiki kupewa. Na wala hakumbuki kuwa aliletwa maiti mbele ya Mtume s.a.w. aliyekuwa na deni, Mtume akakataa kumsalia mpaka Abu Qatada aliposema deni lile li juu yangu.

Na asidhani mtu kuwa deni ni ugonjwa wa mafukara tu. Duka kubwa kupita yote katika nchi yetu, ambalo lilianza kwa kuuza magodoro Nakuru likaenea mpaka nchi jirani, lilikuwa likichukua mali kwa watu bila ya kuwalipa, na mnamo Januari 2020 wadai wake wakapiga kura livunjwe. Nakumatt ilikuwa na ndovu katika alama yake, na ndovu akaanguka.

Wafanya biashara wa Mombasa wafikao Kuala Lumpur na Jakarta kuleta bidhaa huona huko majumba ya maduka yaliyo makubwa kupita yetu yote, na ndani yake vyumba vya kusalia, na mwenye duka huondoka akaenda kusali akarudi. Watu wa huko ni Mashafii kama sisi, na Masharifu wa Hadhramauti waliofika Lamu ndugu zao walifika Java. Uislamu ulienea kwao zaidi kwa wafanya biashara, yaani kwa watu wa sokoni walioaminika. Lakini nililotaka kulitaja hasa si maduka yao. Wakulima wa Malaya walikuwa wakificha fedha za hija chini ya magodoro, au wakiuza ng'ombe na mashamba yao, wakarudi Makka hawana kitu. Mwaka 1959 mwanachuoni wao mmoja, Ungku Aziz, akaandika shauri la kuwekwa akiba ya mahujaji isiyoingia riba, na tangu mwaka 1963 ikafanya kazi, nayo ndiyo iitwayo Tabung Haji. Ilianza kwa vijisenti vya wanakijiji. Kwetu nako benki zisizo na riba zimefunguliwa tangu mwaka 2008, lakini mvuvi wa shilingi mia mbili kwa siku hana haja ya kungoja benki. Sisi katika darsa tumekubaliana kuweka kisanduku chenye kufuli mbili, ufunguo mmoja kwa imamu na mmoja kwa mvuvi watakayemchagua wenyewe. Kila mwenye kutaka atatia chochote tangu kaskazi inapoanza, aandikiwe jina na kiasi, na apewe zake zote kusi inapoingia, pasi na nyongeza wala upungufu. Nusu haitatolewa kabla ya Idi, kwa yeyote, hata akilia.

Baada ya darsa kijana mmoja alibaki akaniuliza, "Maalim, mimi nimekwisha kula fedha za tajiri na sharti nimelikubali. Nifanyeje?" Nikamjibu: Mwanangu, zile 15,000 ni deni, nazo ni wajibu juu yako kuzilipa mpaka ya mwisho, usije ukasema kwa kuwa ni riba basi zimeanguka. Lililoanguka ni sharti. Muuzie samaki wako akitoa bei ya watu wote, na asipotoa muuzie mwengine, na kila siku umpelekee kitu katika asili ya deni, mbele ya mashahidi, kiandikwe. Dau likiwa ni lake na akataka kulitwaa, ni haki yake alitwae. Na akikupa kwa ujira unaojulikana, lipa ujira. Nawe ukiwa huna, Mwenyezi Mungu amemwamrisha mwenye kudai ampe mwenye dhiki nafasi, na akisamehe ni bora kwake.

Kijana akaniuliza, "Na akinifukuza bandarini?" Tajiri mmoja alikuwa bado amekaa nguzoni, akivaa viatu vyake, akayasikia maneno yale. Akasema kuwa yeye kaskazi hii ataandikiana salamu na wavuvi wake wawili, aone. Nimemwahidi kuwa nitamwandikia hati kwa mkono wangu bila ya ujira, na mwenye kutaka ya namna hiyo, tajiri au mvuvi, na aje msikitini baada ya alasiri siku yoyote isipokuwa Ijumaa.

Wallahu aalam.